Nyanya Mlali bila dawa ya kuvu: shajara ya robo eka

Shamba liko Mlali, wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru. Ni robo eka, na maji yake ni ya mfereji tunaotumia pamoja na majirani. Nyanya zimelimwa hapa miaka mingi mfululizo, hoho zikiingia katikati na maharage mara mojamoja. Kiangazi cha 2023 zaidi ya theluthi ya miche ilikufa kabla ya tenga la kwanza kujaa. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na bei, ili mwenye udongo kama huu aige kilichofaa na aruke kilichokula pesa bure.

Sitatumia dawa kwa sababu mbili. Dawa tunazopulizia majani haziwezi kuifikia fuzari, kuvu ya udongoni inayonyausha nyanya, ikishaingia kwenye mishipa ya mmea. Na maji ya mfereji huu yanachotwa na watu wa chini kwa matumizi ya nyumbani. Hata gesi ya methyl bromide, ambayo mashamba makubwa duniani yaliitegemea kufukizia udongo, iliondolewa chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015 kuiacha. Kwa hiyo kila mtu sasa anatafuta njia nyingine, si sisi wadogo tu.

20 Agosti 2023: Kuujua ugonjwa kwanza

Nyanya inayonyauka inaweza kuwa na ugonjwa wowote kati ya kadhaa; kwangu nilikuta mitatu, na kila mmoja una njia yake. Niling'oa miche kila baada ya hatua chache, nikapasua mashina palepale.

Mingine ilikuwa na majani ya manjano upande mmoja tu, yakianzia chini. Ukichana ganda la shina, mishipa ya ndani ni ya kahawia. Mche huo hufa polepole, kwa wiki kadhaa. Ni mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu ya Fusarium oxysporum.

Mingine ilinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani. Kipande cha shina lake nilikitumbukiza nusu kwenye glasi ya maji safi, nikakiacha kitulie. Baada ya dakika chache uzi mweupe wa maziwamaziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko bakteria. Si kuvu, na hakuna ninachoandika hapa kinachouahidi tiba. Niliukuta kwenye kona moja tu. Kona hiyo nimeiacha ioteshwe mahindi.

Kundi kubwa lilikuwa upande wa mfereji. Shina limeoza pale linapogusa udongo, nyuzi nyeupe zimelizunguka na kutambaa hadi chini, na katikati ya nyuzi kuna vipunje vya mviringo, vyeupe vikiwa vichanga, vya kahawia vikikomaa. Ukivikusanya kiganjani utadhani umeshika ulezi. Hii ni kuvu ya Sclerotium rolfsii, na vipunje ndivyo inavyojihifadhi udongoni miaka kadhaa bila kuhitaji mmea.

Nilichora ramani ya shamba kwenye daftari: katikati fuzari, upande wa mfereji kuoza shina. Ramani hiyo ndiyo imeamua kila kitu kilichofuata. Udongo niliupeleka kupimwa mjini Morogoro kwa TSh 25,000, ukaja na pH 5.2. Ni tindikali, hali ambayo fuzari inaipenda, na miaka ya kuweka mbolea ya SA (salfeti ya amonia) imechangia.

Mzee wa jirani alisimama mpakani akitazama. "Mwanangu, hapo ardhi imechoka. Iache, hamia juu."

"Mzee wangu, nikihamia juu na jembe hilihili nitauhamisha na ugonjwa."

10 Septemba 2023: Usafi na chokaa

Miche yote iliyougua imeng'olewa pamoja na udongo unaozunguka shina, ikatiwa kwenye viroba palepale ilipokuwa, ikachomwa nje ya shamba. Usiiburute shambani, vipunje vinadondoka njia nzima. Usiitie kwenye mboji pia, isipokuwa una hakika lundo lako linapata moto wa kutosha hadi pembeni.

Chokaa ya kilimo: mifuko mitano ya kilo 50, TSh 60,000, imetawanywa na kuchanganywa udongoni. Hii ni kwa ajili ya fuzari.

3 Oktoba 2023: Nailoni na jua, mara ya kwanza haikushika

Njia ya kuupika udongo kwa jua ilianzia Israeli. Mtafiti Jaacov Katan na wenzake waliichapisha mwaka 1976. Unalowesha udongo, unaufunika kwa nailoni angavu kipindi cha joto, unaacha wiki nne hadi sita. Nailoni iwe ile inayopitisha mwanga. Nyeusi inapata moto yenyewe, udongo chini yake haupati kiasi kilekile.

Nilinunua mita 44 za nailoni ya upana wa mita mbili, TSh 2,500 kwa mita, jumla TSh 110,000. Zinatosha matuta manne ya mita 10 kwa moja.

Wiki ya kwanza joto lilikuwa dogo. Kipima joto cha jikoni, kikichomekwa sentimita tano saa nane mchana, kilisoma nyuzi 41. Sababu zilikuwa mbili. Udongo ulikuwa na unyevu juu lakini mkavu chini, na udongo mkavu haupitishi joto vizuri. Isitoshe kuvu na vipunje vikiwa vikavu huvumilia joto kuliko vikiwa vimelowa. Pili, nailoni ilikuwa imelala juu ya mabonge, ikaacha mapango ya hewa.

Nilifunua, nikavunja mabonge yote, nikasawazisha tuta kwa reki, nikamwagilia usiku hadi maji yakafika kina cha jembe, kisha nikafunika asubuhi nailoni ikiwa imebana na kingo zake zimefukiwa. Kipimo kikapanda hadi 49. Mbuzi walipoitoboa, matobo yalizibwa siku hiyohiyo kwa selotepu pana. Tobo moja la ukubwa wa kwato linatosha kuupoza udongo unaolizunguka.

Kabla ya kufunika upya nilifanya jambo ambalo namshauri kila anayejaribu njia hii alifanye. Nilichukua vipunje vilivyokusanywa Agosti, nikavifunga kwenye vipande vya chandarua kikuukuu, nikavifukia sentimita 5, 10 na 20, kila kimoja na uzi unaotokeza nje.

12 Novemba 2023: Kufunua

Mvua za El Niño zimeanza, jua halipatikani tena. Nimefunua.

Vipunje nilivitoa, nikavipanga juu ya karatasi iliyoloweshwa ndani ya sahani, nikavifunika. Vya sentimita 5 havikuota hata kimoja. Vimelainika, na kadhaa vimefunikwa na ukungu wa kijani. Huo ukungu wa kijani ni habari njema: joto likivichosha vipunje bila kuviua kabisa, kuvu rafiki za udongoni huvivamia na kuvila. Vya sentimita 10 vichache vilitoa nyuzi nyeupe. Vya sentimita 20 vingi viliota, vikiwa na afya tele.

Kutokana na hilo, matuta haya hayalimwi kwa kina tena. Ukizamisha jembe baada ya kufunua, unaupandisha udongo ambao haukuiva. Toboa shimo la mche tu.

Kingo pia hazikuiva. Ukanda wa kiganja kimoja kutoka pale nailoni ilipofukiwa ulikuwa na joto dogo kuliko katikati. Kwenye tuta la mita moja huo ni upotevu mkubwa. Mwenye uwezo afunike eneo zima kwa kipande kimoja, siyo tuta kwa tuta.

10 Februari 2024: Pumba za mpunga

Njia hii haitegemei jua kali, ndiyo maana nimeiweka kipindi cha mawingu. Wajapani na Waholanzi waliiendeleza miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000. Unachanganya udongo na chakula cha vijidudu kinachooza haraka, unaujaza maji, unaziba hewa kwa nailoni. Bakteria wanakula, hewa inaisha, udongo unatoa asidi na gesi zinazoziua kuvu. Wajapani wanatumia pumba za mpunga, takriban kilo moja kwa mita ya mraba. Kwa sisi wa Morogoro, wenye mashine za kukoboa mpunga kila upande, hii ni bahati ambayo hatuitumii.

Gunia la kwanza, la TSh 3,000, halikufanya kazi. Lilikuwa maganda ya mpunga, yale magumu ya kuchomea tofali. Maganda hayaozi upesi. Baada ya wiki moja chini ya nailoni udongo ulinukia udongo tu. Kinachotakiwa ni pumba laini za kulishia kuku na nguruwe, zenye mafuta kidogo ukizifikicha. Gunia lake ni TSh 22,000, na lilitosha matuta manne.

Pumba zilichanganywa kwenye sentimita 15 za juu, tuta likamwagiliwa hadi maji yakatuama, nailoni ileile ya Oktoba ikarudishwa siku hiyohiyo. Siku ya nne harufu ya jaruba lililooza ilikuwa inapenya hadi kwenye njia. Ukikosa harufu hiyo, njia imefeli. Usisubiri wiki tatu kujua. Ndivyo ilivyokuwa kwenye tuta moja la juu lenye mchanga: maji yalizama, hewa ikarudi, hakuna kilichonuka. Kwenye mfinyanzi, udongo ulibadilika ukawa wa kijivu.

Baada ya kufunua usipande mara moja. Asidi zilizochinja kuvu zinachoma pia mizizi ya miche. Niliutifua udongo juujuu, nikauacha upigwe na hewa wiki mbili, kisha nikamwaga mbegu za mchicha kidogo kama kipimo. Ziliota vizuri, nikapanda.

30 Machi 2024: Kitalu

Kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kilikuwa kinamaliza miche kitaluni kabla hata ya kufika shambani. Mbegu zangu mwenyewe nazilowesha kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa kipima joto, bila kukisia. Udongo wa kitalu unapikwa kwenye nusu pipa: maji kidogo chini, wavu, udongo wenye unyevu juu, gunia la kufunika. Kiazi mviringo kidogo kinafukiwa katikati ya udongo. Kikiiva, udongo umeiva, ondoa moto. Ukizidisha, udongo unatoa sumu kwa miche na unakuwa tupu kabisa, kuvu ya kwanza kuingia inajitanua bila mpinzani. Namwagilia asubuhi tu. Kinyausi kimepungua hadi miche michache ya pembeni.

25 Mei 2024: Mafuriko yamerudisha ugonjwa

Hii ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko zote, na naomba isomwe kwa makini.

Mvua za Aprili zilikuwa kubwa mno. Mfereji ulifurika, maji yakapita shamba la juu yakaingia kwangu, yakaacha tope juu ya matuta mawili ya chini niliyoyapika kwa jua. Wiki tatu baadaye nyuzi nyeupe zilionekana kwenye shina la kwanza, kisha la jirani yake, kisha mstari mzima, kwa kufuata hasa njia ya lile tope. Tuta la juu lililopikwa kwa nailoni ileile lilibaki safi. Kwa hiyo jua lilifanya kazi yake; ugonjwa ulisafirishwa ukaletwa upya.

Marekebisho:

Nimechimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu, upana wa jembe na kina cha goti, maji yapite pembeni. Vibarua wawili, TSh 8,000 kila mmoja kwa siku, siku mbili.

Kazi inaanzia matuta safi na kuishia matuta yenye ugonjwa, kila siku, bila kurudi nyuma. Jembe la upande wa mfereji limefungwa kitambaa chekundu na halitoki huko. Kwenye lango kuna beseni na brashi: udongo wote usuguliwe kwenye viatu na majembe kwanza. Maji peke yake yanalowesha tope, hayaliondoi.

Nilimfuata pia mama anayelima juu yangu. Yeye naye alikuwa ametupa miche yake iliyokufa kwenye kingo za mfereji, kama tunavyofanya sote. Nikampeleka nikamwonyesha vipunje.

"Mama, hivi vikidondoka kwenye maji vinashuka kwangu, kisha kwa wa chini yangu."

Alivishika, akavigeuza. "Kumbe hivi! Mimi nilidhani ni mayai ya wadudu." Siku iliyofuata alikuja na wanawe wakasafisha kingo zote hadi kwenye daraja. Kazi hiyo ya asubuhi moja naipa thamani kuliko nailoni yangu yote.

Jingine dogo lililosaidia upande wa mfereji: kola za shina. Kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, upana wa vidole vinne, kinazungushwa kwenye shina wakati wa kupanda, nusu chini ya udongo, nusu juu. Kuvu hii inashambulia pale udongo na hewa vinapokutana, kwa hiyo ukilifunika eneo hilo unaiziba njia. Na matandazo ya nyasi yakae mbali na shina kiganja kizima. Majani mabichi yanayooza yakigusa shina ndiyo chakula cha kwanza cha kuvu hii kabla ya kuuvamia mmea.

18 Agosti 2024: Trikoderma

Trikoderma ni kuvu rafiki inayozila kuvu nyingine na kuziwahi nafasi kwenye mizizi. Pakiti ni TSh 28,000. Nusu yake niliichanganya na maji nikamwagilia matuta makavu mchana, kama maelekezo mafupi ya pakiti yanavyoweza kueleweka. Sikuona tofauti yoyote na matuta yasiyowekewa. Jua na ukavu vinaiua kabla haijashika.

Nusu iliyobaki niliichanganya na samadi iliyoiva vizuri, yenye unyevu wa kushikana ukiifumbata lakini isiyochuruzika, nikaifunika na gunia kivulini siku kumi, nikiigeuza. Ilipotanda nyuzi nikaweka ujazo wa mikono miwili kila shimo la mche. Usiichanganye na majivu wala chokaa, haipendi hali hiyo. Chokaa itangulie miezi kadhaa.

Matokeo: mizizi mingi zaidi, miche imetangulia kuchanua. Vifo vimepungua, ila si kwa kiasi cha nailoni au pumba. Nimeiona inafaa kama mlinzi wa udongo uliokwisha kusafishwa. Mche ulioanza kunyauka haikuuokoa hata mmoja.

2 Novemba 2024: Kubebesha nyanya juu ya bilinganya

Hii ni kwa eneo la fuzari. Fuzari ya nyanya haiishambulii bilinganya, kwa hiyo nyanya ikibebeshwa, yaani shina lake likiunganishwa, juu ya mizizi ya bilinganya inaweza kukaa kwenye udongo uleule. Kituo cha Mboga Duniani kimeieneza njia hii miaka mingi kwa aina maalumu za bilinganya. Mimi nimetumia bilinganya ndefu ya kawaida, kwa eneo lisilo na mnyauko bakteria.

Bilinganya inasiwa siku chache mapema kwa sababu inakua taratibu. Mashina yakifikia unene wa njiti ya kiberiti, unakata yote mawili mshazari kwa wembe mpya, unayaunganisha ndani ya kipande cha mrija laini, unaiweka miche gizani chini ya nailoni yenye unyevu.

Kundi la kwanza lilikufa karibu lote. Banda lilifunuliwa mchana kukagua, unyevu ukatoka, nyanya zikasinyaa na hazikuinuka. Kundi la pili halikufunguliwa kabisa siku tatu za mwanzo, baada ya hapo dakika chache alfajiri, kisha kidogokidogo. Karibu robo tatu zilishika.

Shambani lilitokea tatizo jingine. Kibarua, kwa mazoea mema ya kilimo cha nyanya, alipandishia udongo kwenye mashina. Udongo ukafunika kiungo, nyanya ikatoa mizizi yake yenyewe juu ya kiungo, na fuzari ikaingilia hapo. Miche hiyo ilionyesha manjano ya upande mmoja kama ile ya zamani. Sasa kila kiungo kinakaa vidole vinne juu ya udongo, mche unafungwa kwenye mti badala ya kupandishiwa, na nimechomeka kijiti chenye rangi kwenye kila mche uliobebeshwa ili anayepalilia ajue.

25 Januari 2025: Hesabu na mpangilio wa mazao

Kila tuta lilibeba miche 40. Tuta lisilofanyiwa kitu lilipoteza 15. Lililopikwa kwa jua na kukingwa na mafuriko lilipoteza 4, zote za pembeni. Tuta la pumba lenye mfinyanzi lilipoteza 3. Tuta la pumba lenye mchanga lilipoteza 12, karibu sawa na lisilofanyiwa kitu.

Nailoni ndiyo gharama kubwa, TSh 27,500 kwa tuta. Imetumika mara mbili na itavumilia ya tatu ikihifadhiwa mbali na jua. Pumba ni TSh 5,500 kwa tuta. Kwa udongo mzito na maji ya kutosha, pumba ndizo ningeanza nazo. Kwa mchanga, jua.

Mzunguko wa mazao unafuata ile ramani ya Agosti 2023. Eneo la fuzari linaweza kupokea vitunguu, kabichi au hoho, kwa sababu fuzari ya nyanya haina haja na mimea hiyo. Eneo la kuoza shina halipokei maharage wala karanga, ingawa ndiyo mazao tunayoshauriwa kupumzishia ardhi: Sclerotium rolfsii inashambulia mimea ya aina zaidi ya mia tano, na jamii ya kunde ni miongoni mwa inayoipenda. Hapo yanaingia mahindi misimu miwili, baada ya kupindua udongo kwa kina mara moja tu ili vipunje vya juu vizikwe sentimita 25 chini, ambako vinakosa hewa. Kisha usipindue tena kwa kina hicho, vitarudi juu.

Mahindi yameshapandwa. Matuta ya juu yanafunikwa tena Septemba, safari hii kwa kipande kimoja cha nailoni kinachomeza matuta na njia zake.